Kadi Mbili, Kinywa Kimoja: Kwa Nini Meno ya Wagonjwa wa Akili Huharibika Mapema

Mama mmoja alimleta mwanawe, mtu mzima wa miaka 31, kwenye kliniki ya meno, na kabla kijana hajakaa vizuri kitini mama alikuwa amekwisha kutoa hukumu: "Daktari, huyu na mswaki hawajuani." Kijana hakubisha. Alipoachama, daktari aliingiza kile kioo kidogo cha duara ili asogeze shavu, na kioo kikanata. Kilipovutwa, ngozi laini ya ndani ya shavu ilikifuata kidogo kabla ya kuachia. Ulimi ulikuwa na mifereji, mate machache yaliyokuwepo yalikuwa povu, na uozo ulikuwa umezunguka shingo za meno ya mbele ya chini, pale pale yanapochomoza kwenye fizi. Daktari hakusema lolote kuhusu mswaki. Aliuliza, "Mama, kadi yake ya kliniki ya akili mmekuja nayo?" Mama akashangaa: "Ipo nyumbani, daktari. Si tumekuja kwa ajili ya meno?"

Mama hakukosea kuuliza hivyo, kwa kuwa ndivyo huduma zetu zilivyopangwa: akili ina jengo lake, meno yana jengo lake, na kila jengo lina kadi yake. Watafiti wa Australia wakiongozwa na Steve Kisely walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 2011 na tena mwaka 2015, na mara zote mbili walikuta kwamba uwezekano wa mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili kubaki bila jino hata moja ni takriban mara 3 ya ule wa watu wengine. Maelezo mepesi ya hali hiyo ni yale ya mama, kwamba mgonjwa hajijali. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanaanza mwisho wa hadithi badala ya mwanzo, na mwanzo wenyewe ni mate.

Mate tunayadharau kwa sababu hatuyanunui. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kiasi hicho hufanya kazi ambayo hakuna dawa ya meno inayoweza kuifanya peke yake. Bakteria wanaoishi kwenye utando unaoganda juu ya meno hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na uchachu wa kinywa unapozidi, yaani kipimo cha pH kinaposhuka chini ya takriban 5.5, madini ya gamba la jino huanza kuyeyuka. Mate huiosha sukari, huipooza asidi, kisha hurudisha kalisi na fosfeti pale zilipotoka, kwa hiyo jino la mtu mzima mwenye mate ya kutosha huvunjwa na kujengwa mara kadhaa kila siku bila mwenyewe kujua. Meno ya mbele ya chini ndiyo yanayofaidi zaidi, kwani mirija ya tezi kubwa za mate hufunguka nyuma yake, chini ya ulimi, na kwa kawaida huwa miongoni mwa meno ya mwisho kuoza. Ndiyo maana daktari alipoyaona yameoza kwanza alijua kwamba chanzo kimekauka.

Kilichokikausha ni dawa. Tezi za mate husubiri amri kutoka kwenye mishipa ya fahamu, na amri hiyo hubebwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa nyingi zinazotumika kutibu magonjwa ya akili huizuia kemikali hiyo kufika, ama kwa makusudi ama kama athari ya pembeni. Tezi ni nzima, amri ndiyo haifiki. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa sonona na pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kipandauso, inasifika kwa jambo hili. Klopromazini nayo hukausha, olanzapini vilevile. Tena kuna ateni, dawa ndogo ambayo wagonjwa wengi wanaotumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa mkali wa akili, hupewa ili wasikakamae viungo wala kutetemeka, na ambayo kazi yake yenyewe ni kuizuia asetilikolini. Mgonjwa anayemeza haloperidoli, ateni na amitriptilini kwa pamoja, kama yule kijana, anakaushwa kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo ni dawa aliyoandikiwa kurekebisha madhara ya nyingine.

Lithiamu, inayotumiwa na wenye ugonjwa wa hisia mseto, humfanya mtu akojoe sana na kuwa na kiu ya kudumu. Klozapini, kwa upande mwingine, huja na shida iliyo kinyume: mate humtoka mgonjwa usiku hadi mto ukalowa. Ndugu wengi hudhani mgonjwa huyo amesalimika na uozo. Ajihadhari hata hivyo na jambo kubwa zaidi, kwa kuwa dawa hii inaweza, kwa wachache, kuzishusha sana chembe nyeupe za damu, na dalili zake mara nyingi huanzia kinywani na kooni. Mtumiaji wa klozapini anayepata homa, koo linalouma au vidonda vya ghafla mdomoni anahitaji kupimwa damu siku hiyo hiyo. Kupaka dawa ya vidonda na kusubiri Jumatatu ni kucheza na maisha yake.

Hapa pana mtego ambao familia nyingi hunaswa nao. Wakishaelewa kwamba dawa ndiyo inayokausha kinywa, huona dawa ndiyo adui, na mgonjwa huachishwa kimyakimya. Matokeo yake ni kurudi wodini kwa ugonjwa uliokuwa umetulia miezi mingi, na meno hayaponi kwa hilo, maana mgonjwa aliyezidiwa na skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo) au sonona kali hapigi mswaki kabisa. Linalowezekana, na ambalo halifanyiki mara kwa mara, ni kumwuliza daktari wa akili kama ateni bado inahitajika, kama dozi inaweza kupunguzwa, au kama kuna dawa mbadala isiyokausha sana. Wapo watu waliomeza ateni kwa miaka kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuiangalia upya.

Kinywa kikavu hakikai hivyo hivyo, mwenyewe hukitafutia nafuu, na nafuu iliyo karibu ni tamu. Kwenye kibanda cha jirani kuna pipi za kifua, kuna soda baridi, na nyumbani kuna chupa ya chai yenye sukari vijiko vitatu kwa kikombe, ambayo mgonjwa huinywa kwa mafunda madogo kutwa nzima. Kila funda huamsha asidi kwa nusu saa au zaidi, na hakuna mate ya kuipooza. Mtu akinywa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi usiku, kinywa chake hakipati hata dakika moja ya kupumzika. Ongeza kwamba baadhi ya dawa hizi huamsha hamu ya kula vitamu, ongeza sigara, ambazo wagonjwa wa skizofrenia huvuta zaidi kuliko watu wengine, na kwa baadhi ya maeneo ongeza mirungi, ambayo nayo hukausha na huteremshwa kwa soda.

Sasa ndipo tunapoweza kuuzungumzia mswaki kwa haki. Sonona huua nia kabla ya kuua nguvu: mtu anajua ndoo ya maji ilipo na mswaki ulipo, na bado mkono haunyanyuki. Skizofrenia ya muda mrefu huweza kumwondolea mtu uwezo wa kupanga hatua zinazofuatana, na kupiga mswaki, ukiuhesabu vizuri, kuna hatua nyingi. Kwa mgonjwa wa kulazwa muda mrefu kuna zaidi: mswaki hupotea, huchanganyika na wa wengine, au huwekwa kabatini na wauguzi kwa sababu za usalama na hutolewa pale tu mwenye zamu anapokumbuka. Kumlaumu mtu huyo kwa uzembe ni sawa na kumlaumu mwenye mguu wa plasta kwa kuchelewa.

Dawa pia huingia kwenye misuli. Siku chache baada ya kuanza haloperidoli au kuchomwa sindano ya mwezi, baadhi ya wagonjwa hukazwa taya, shingo hupinda na ulimi hujisokota nje, mara nyingine hadi taya kuteguka. Katika nyumba zetu tukio hili husomewa kama pepo, na nimeona watu wakihangaika na ubani kwa jambo ambalo sindano moja ya hospitali hulilegeza kwa dakika chache. Baada ya miaka ya matumizi huweza kuja kitu kingine cha taratibu: midomo inayonyonya, ulimi unaochungulia na kurudi, taya linalotafuna bila chakula. Mtu huyo akitengenezewa meno ya bandia hayatakaa, na anayemtengenezea anapaswa kulijua hilo kabla ya kuchukua fedha yake. Floksetini, dawa ya sonona, na nyingine za jamii yake huwafanya wengine wasage meno usingizini. Na kwa kuwa wagonjwa wa kifafa katika nchi zetu huhudumiwa mara nyingi kwenye kliniki hizo hizo za akili, tusiisahau fenitoini, ambayo hunenepesha fizi hadi zikafunika nusu ya jino. Fizi hizo hukua zaidi pale utando unapoachwa, kwa hiyo usafi hapa ni sehemu ya tiba kamili.

Turudi kwenye kadi iliyobaki nyumbani, kwa sababu hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa hutokea pale daktari wa meno anapoandika dawa bila kuiona. Maumivu ya jino hutulizwa kwa kawaida na diklofenaki au ibuprofeni. Mgonjwa wa lithiamu akipewa mojawapo kwa siku kadhaa, figo zake hupunguza kasi ya kuitoa lithiamu, nayo hujikusanya kwenye damu hadi kuwa sumu. Huanza kutetemeka mikono, kutapika na kuharisha, kisha huyumba na kuongea kwa ulimi mzito, na walio karibu hudhani amelewa au ana malaria. Parasetamoli haina shida hiyo. Metronidazoli, ambayo hutolewa sana kwa majipu ya meno, nayo huweza kuipandisha lithiamu, hivyo haifai kuandikwa bila kumjulisha daktari wa akili. Anayetumia karbamazepini, dawa ya kifafa, akipewa eritromisini atajikuta na kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili, kwa kuwa antibayotiki hiyo huzuia ini kuivunja karbamazepini. Anayetumia floksetini au setralini, akiongezewa ibuprofeni, hutokwa damu kwa urahisi zaidi, na valproeti, nayo dawa ya kifafa, huweza kupunguza chembe za kugandisha damu, jambo la kupima kabla ya kung'oa meno kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu sindano ya ganzi kuna hofu iliyozidi kipimo. Ganzi yenye adrenalini haijakatazwa kwa mtumiaji wa amitriptilini. Inatakiwa iwe kidogo, ichomwe taratibu, na daktari avute bomba kwanza kuhakikisha sindano haimo ndani ya mshipa wa damu. Kwa mtumiaji wa klopromazini tahadhari kubwa ni ya mwisho wa kazi: shinikizo lake la damu hushuka anapoinuka ghafla, kwa hiyo kiti kinyanyuliwe kwa awamu na akae dakika mbili tatu kabla ya kusimama, vinginevyo atajikuta sakafuni na wote watasema aliogopa.

Fundo lingine ni la maumivu yasiyoaminiwa. Chukua mgonjwa wodini anayesema kwamba kuna mtu anamwongelea ndani ya jino. Muuguzi huandika kwamba anasikia sauti, dozi huongezwa, na siku ya nne shavu huamka limevimba. Wote wawili walikuwa sahihi: sauti zilikuwepo, na jipu lilikuwepo. Ugonjwa wa akili haumkingi mtu na usaha, lakini jina la ugonjwa likishaandikwa juu ya faili, kila anachosema husomwa kupitia jina hilo. Wengine hawasemi kabisa, kwa kuwa skizofrenia huweza kubadilisha namna mtu anavyoyahisi au kuyaeleza maumivu. Anayeishi na mgonjwa atazame vitendo: anatafuna upande mmoja, anakataa muhogo wa kuchemsha aliokuwa akiupenda, anajipiga shavu, hulala kwa kukatizwa, pumzi yake imebadilika. Uvimbe unaoteremka chini ya taya, ukiambatana na homa na kushindwa kumeza au kupumua, ni wa kukimbiza hospitali usiku huo huo.

Historia ya uhusiano huu ina ukurasa mchungu. Huko Trenton, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, daktari Henry Cotton aliongoza hospitali ya akili kuanzia mwaka 1907 hadi 1930 akiamini kwamba wazimu unatokana na usaha uliojificha mwilini, na kwamba meno ndiyo ghala lake la kwanza. Aling'oa meno ya wagonjwa kwa maelfu, na wasipopona alihamia kwenye tonsili na utumbo mpana, ambako wengi walikufa kwa upasuaji. Hakuwa mnafiki, kwani hata wanawe aliwang'oa meno. Nadharia yake ilizikwa, ila tabia ya mkono kwenda kwenye koleo haikuzikwa nayo. Leo hakuna anayemng'oa mgonjwa wa akili meno ili apate akili; anamng'oa kwa sababu amechelewa kuja, foleni ni ndefu, na inachukuliwa kwamba jino la kuzibwa hatalitunza. Maneno hayo ya mwisho husemwa kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa amekaa hapo hapo.

Kung'oa kuna mahali pake, lakini si lazima kuwe ndio jibu la kwanza, na mojawapo ya njia mbadala ilizaliwa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ndiyo ilikuwa uwanja wa kuibuni mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee: uozo laini unakwanguliwa, na tundu linazibwa kwa saruji inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, lakini inamfaa vilevile mtu ambaye mlio wa mashine unamrudisha kwenye mambo anayojitahidi kuyasahau, na mara nyingi haihitaji ganzi. Ipo pia dawa ya kupaka ya floridi yenye madini ya fedha, ambayo hupakwa kwa dakika chache tu, husimamisha uozo na huliacha tundu likiwa jeusi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na saruji ile na dawa ya meno yenye floridi. Weusi huo unapaswa kuelezwa mapema, kwa kuwa mgonjwa wa akili naye hucheka mbele za watu.

Kumweleza na kumwuliza ni jambo la kisheria na la kiutu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na ibara ya 25 ya mkataba huo inadai wapewe huduma ya afya ya kiwango kile kile wanachopewa wengine, kwa ridhaa yao. Mtu anaweza kuamini kwamba majirani wanamroga na bado akaelewa vizuri kabisa kwamba jino hili linauma, kwamba likizibwa litabaki na likitolewa halirudi. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo lililo mezani, siku hiyo, na kama leo amechanganyikiwa na jino si la dharura, aulizwe wiki ijayo. Kwa waliopitia ukatili, kulazwa chali huku mtu akiwainamia na mikono imeingia kinywani ni jambo zito. Wakubaliane na daktari kabla kwamba mkono ukiinuliwa kazi inasimama, na kweli isimame.

Nyumbani mambo ni machache. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi ya kutosha, ambayo kwenye pakiti huandikwa takriban 1,450 ppm (sehemu kwa milioni), kutema bila kusukutua maji mengi, maji ya kunywa karibu muda wote, na bigijii isiyo na sukari kwa kuamsha mate. Chai tamu inywewe kwa mkao mmoja na iishe. Mswaki wa mti unafaa pia kwa aliyeuzoea, mradi dawa ya floridi isiachwe.

Yule kijana alizibwa meno manne na kung'olewa mawili. Daktari aliandika barua ya mistari mitano kwenda kliniki ya akili, na ateni ikapunguzwa kwa hatua, chini ya uangalizi. Mama alifundishwa asimame nyuma ya mwanawe mbele ya kioo, amshikie kiwiko tu, mswaki aushike mwenyewe. Vidonge vya usiku sasa vinakaa kwenye kikombe kimoja na mswaki, kwa hiyo akienda kuvimeza anaukuta. Zipo siku anaupita. Mama anasema siku hizo hamgombezi, humwacha alale, na kesho yake jioni humwita tena.